Wiki Mbili za Mama Albano

Mwaka 1968 Eufrazia, ambaye mtaani kwetu Chang'ombe tulimwita Mama Albano, alipewa zawadi asiyojua pa kuiweka. Alikuwa amempikia Bwana Lund, mhandisi wa Kizungu, kwa miaka kumi na mmoja. Siku mzungu huyo alipofunga virago kurudi kwao, dobi alipewa masufuria, mtunza bustani akapewa mapazia. Mpishi alipewa karatasi.

"Ni banda la Kimbiji," akamwambia mumewe Gaspar, fundi seremala.

Gaspar akaruka. "Tuna nyumba ufukweni!"

"Si nyumba. Ni wiki mbili."

Ilibidi amweleze mara tatu. Wazungu na wakubwa kadhaa walichanga wakajenga banda moja la mapumziko, kisha wakagawana mwaka. Kila mmoja alikuwa na wiki zake, mwaka hadi mwaka. Za Bwana Lund zilikuwa mbili za mwisho wa Aprili.

"Aprili? Masika?" Gaspar akakaa chini. "Mama Albano, umempikia mtu miaka yote hiyo, naye amekupa mvua!"

Lakini zawadi ni zawadi, na Eufrazia alitaka iandikwe jina lake. Akavaa gauni la kanisani, akaenda ofisi moja ya ardhi mjini. Karani, kijana aitwaye Adelard, akaisoma karatasi mbele na nyuma.

"Shikamoo mama. Kiwanja namba ngapi?"

"Marahaba. Sina kiwanja, baba. Nina wiki."

"Wiki za lini?"

"Za mwisho wa Aprili."

"Zikiisha, nyumba inakuwa ya nani?"

"Ya watu wa Mei."

Adelard akaweka kalamu chini. Akasema kitabu chake kinapima ardhi kwa ekari na futi, siku hakipimi. Ila chini ya karatasi palikuwa na jina la mwandishi wa chama cha banda, mwenye daftari la wenye wiki: Ndugu Polikarpo, wa Kinondoni. Aende huko.

Asilolijua Eufrazia ni kwamba Ndugu Polikarpo alikuwa mkubwa serikalini, na Azimio la Arusha lilikwisha kuwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Naye wiki zake mbili za Krismasi alikuwa akizipangisha kwa watalii, kimya kimya. Tangu Azimio lipite, kila aliyebisha hodi kwake alimdhania mpelelezi.

Jumamosi Eufrazia alipofika, alimkuta barazani akinywa chai na mjumbe wake wa nyumba kumi.

"Ndugu," Eufrazia akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu mezani, "nimekuja kwa habari ya banda lako la Kimbiji."

Chai ikampalia. Akamshika mama wa watu mkono, akamkokota hadi jikoni.

"Nani amekutuma?"

"Bwana Lund."

"Lund amesema?"

"Ameandika kabisa."

"Na ya Krismasi, wameyajua?"

Eufrazia hakuelewa. Lakini jikoni kwa wakubwa alijifunza kwamba mkubwa akihangaika, ukinyamaza hujijibu mwenyewe. Akanyamaza.

Polikarpo akaleta daftari, akaandika jina la Eufrazia kwenye Aprili bila kuuliza zaidi. Kisha akafunua ukurasa wa Desemba, akalikata jina lake mwenyewe, akaandika la Eufrazia tena.

"Chukua na hizi. Mie sina banda. Ukiulizwa, sema nilikupa mwaka juzi."

"Siwezi kusema uongo, Ndugu. Nitasema umenipa leo."

"Basi sema leo! Lakini usiseme pale barazani."

Walipotoka, mjumbe akauliza mama ana shida gani.

"Kuku," akajibu Polikarpo. "Ametaka banda la kuku."

Aprili wakavuka kwa pantoni, wakapanda lori la nazi, nalo likazama kwenye tope. Wakamalizia kwa miguu. Mlinzi wa banda, Mzee Mwishehe, akawapokea mlangoni.

"Karibuni. Bwana wenu anafuata nyuma?"

"Shikamoo mzee. Bwana wangu ndiye huyu aliyebeba godoro," akasema Eufrazia. "Mwenye banda ni mie."

Mzee akamtazama, akacheka mpaka akashika ukuta, akampa ufunguo.

Paa lilivuja mahali pengi. Gaspar alishinda juu akipachika makuti na kuwalaani wahandisi wote wa Ulaya. Eufrazia alikaa kwenye kiti kirefu, kajifunika khanga, akisikiliza nyundo na mvua, na hakuna aliyemwita.

Krismasi ilipofika, Gaspar akaalika ndugu kumi na wanne kutoka Ndanda. Asubuhi wakajipanga mkekani wakimngoja mpishi wa Wazungu.

"Mpishi yuko likizo," akasema Eufrazia, akaenda kuoga baharini.

Ikabidi Gaspar apike wali. Chini uliungua, juu ulikuwa mbichi, na katikati hapakueleweka. Shemeji yao Filomena alionja, akatazama huku na huku. Kimbiji yote hapakuwa na hoteli. Wakala mpaka ukoko.