Dakika Kumi za Mafuta

Asubuhi ile ya mwaka 1991 nilikuwa nimekaa kando ya uwanja wa ndege wa Nachingwea, natafuna muhogo wa kuchoma huku nikizungusha kikokotoo changu: visahani viwili vya bati vyenye namba, vinavyokupa muda wa safari na mafuta yatakayotumika. Mwalimu wangu alikuwa rubani Anselmo, Mmakonde aliyekimbia vita kwao Msumbiji. Kila siku alinipa hesabu moja. Sharti lake: jibu litamkwe mara tatu, kwa sauti, kabla injini haijawashwa. Anayenong'ona, alisema, atazika watu.

Siku hiyo hesabu ilikuwa ya kweli. Tulikuwa tunakwenda kuchukua majeruhi watano ng'ambo ya Ruvuma. Moshi wa mashamba yaliyochomwa Naipingo ulilalia kusini, maana yake tukirudi upepo ungetupiga usoni. Nikapiga hesabu, nikairudia. Mafuta yalipungua dakika kumi.

Nikasema. Msimamizi wa safari, bwana aliyejali mkunjo wa suruali yake kuliko maneno ya mtu, akajibu kwamba gari la mafuta litafika kesho, na wageni wake, wafadhili wa safari, wanataka kuwaona majeruhi leo. Nikasema tena. Akacheka mbele ya wapakiaji.

"Dada, hicho kidude ni cha kujifunzia."

Anselmo alinitazama, akingoja mara ya tatu. Haikuja. Akawasha, maana huko kwao watu walikuwa wanavuja damu.

Tulitua, tukapakia, tukaruka. Mto tukauona kwa mbele.

Injini ikazima.

Anselmo aliilaza ndege mbugani, upande wa vita. Risasi zilianza kabla vumbi halijatulia.

Niliwaburuta majeruhi wawili hadi majini. Watatu walibaki. Anselmo alibaki nao.

Ripoti iliandika kwamba ulikuwa upepo wa ghafla. Upepo gani wa ghafla, nami nilikuwa nao kwenye karatasi tangu asubuhi?

Miaka kumi na tano baadaye nilimkuta bwana yule Ruangwa, kwenye mnada wa korosho, kanenepa. Akanishika mkono.

"Pole, dada. Ilikuwa kazi ya Mungu."

Nilimwambia asimsingizie Mungu, nikaondoka. Nina hasira naye mpaka leo. Nina hasira zaidi na mdomo wangu, uliofungwa na kicheko cha mtu mmoja.

Natamka sasa, Anselmo, mara ya tatu: mafuta hayatoshi.