Mama Alipoficha Sala Yake

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mvuje unachomwa, ile dawa ya kufukizia wazazi, mimi huinuka nikatoka nje. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba ya bibi yangu kule Mkokotoni, miaka miwili mitatu baada ya Mapinduzi, mama alipokwenda kwao kujifungulia mtoto wa sita. Mimi ndiye mkubwa, umri wangu miaka tisa, nikachukuliwa kutoka kwetu mjini, mtaa wa Ng'ambo, nikasaidie kubeba wadogo zangu. Kila asubuhi bibi alimkanda mama kwa maji ya moto ya majani ya mpera, na mama akauma kanga asipige kelele. Alikuwa amekwisha, miguu kama ya kuku, meno mawili yashang'oka.

Mama hakutaka kurudi kwa mumewe. Si kwamba hampendi, alichoka kuzaa. Dawa za kuzuia mimba hatukuzijua, na neno "sitaki" mwanamke hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni nifasi, damu ya uzazi. Mzazi ambaye damu yake haijakatika haswali, na mumewe hamsogelei. Basi ilipokatika, hakumwambia mtu ila bibi, akawa anaswali kwa kujificha stoo, nyuma ya rundo la nazi, nami nikimchungulia. Siku arubaini zikapita, zikawa hamsini. Baba akija Ijumaa na mikate yake ya mjini, bibi humjibu, "Bado, baba, hajawa twahara." Mama akaanza kurudisha mwili. Siku moja nilimsikia anacheka peke yake.

Mimi nilitaka kwetu. Skuli zilikuwa bure sasa, na wenzangu wananiacha nyuma. Ijumaa moja baba akanipakata barazani.

"Mama yako anaswali?"

"Naam, baba. Stoo, kila siku."

Nikajiona mwerevu. Baba akasimama pale pale, akamwita bibi, "Mama! Mke wangu anaswali. Nimekuja kumchukua."

Bibi akanigeukia. "Ulimi huo, bora ungeliwa na panya ulipolala!"

Mama hakunigomba. Alifunga kanga zake, akanambia taratibu, "Ulitaka nyumbani, mwanangu? Haya, twende."

Mwaka haukwisha, akashika mimba nyingine. Akafa kwa uzazi, yeye na kichanga chake, siku moja. Skuli sikurudi tena. Nililea wadogo zangu watano, kisha nikaozwa, nikazaa tisa, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Leo nina wajukuu tele na ninajivuna nao, hasa huyu mwalimu, aliyesoma mpaka chuo. Anakaa mtaa wa Amani, kliniki iko nyuma ya nyumba yake, sindano za kuzuia mimba zipo. Mumewe hataki, naye kanyamaza. Nilimwambia, "Una kazi, una kalamu, mdomo huna?"

"Bibi, ataniacha."

Wiki iliyopita alikuja kunambia ana mimba ya tano. Nikampa hongera.