Salamu Zimfikie Mama Bamvua

Asubuhi ile maji yalikuwa mafu, hayakutoka mbali, kwa hivyo Mwanakheri hakuwa na haraka ya kwenda pwani. Alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, redio ipo dirishani kama siku zote, kipande cha waya kimefungwa kuwa eriali. Mumewe, Mcha, alikuwa uani na dema lake la kuvulia samaki, amelisuka limefika nusu. Mikono ilikuwa kazini na masikio yakijifanya hayasikii.

"Baba Shemsa!"

"Naam."

"Umesikia? Usinune wa redioni kaniletea salamu. Anasema pweza nisimle peke yangu."

"Mwambie hatujapata pweza."

"Nitamwambia umemla wewe."

Akacheka mwenyewe. Mcha hakucheka, ila ufito wa pili alichelewa kuuchomeka.

Wakanywa chai kwa muhogo wa nazi. Mcha akasema chumvi imezidi. Mwanakheri akamwambia kesho apike yeye. Basi, yalikuwa hayo tu. Adhuhuri alisali, akajinyoosha mkekani apumzishe mgongo. Mcha alipomwita aje wale, hakuitika. Akamwita tena, kwa sauti ya kukasirika kidogo, kwani Mwanakheri hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili.

Jambiani nzima ilimjua kwa mwani. Tangu ujana wake alikuwa akiingia baharini maji yakitoka, anapigilia vijiti, anatandaza kamba, anafunga mbegu moja moja mpaka maji yamfike kifuani. Vidole vyake vilikuwa vimekatwakatwa na chumvi. Hakusoma sana, lakini alikwenda kisomo cha watu wazima akajua kuandika, na Shemsa alipomnunulia simu ya kitochi, alipata pa kuandikia.

Alikuwa akiandikia redioni. Kulikuwa na kipindi cha asubuhi, Pokea Zako, ambacho watu hupelekeana salamu. Unaandika ujumbe kwa simu, mtangazaji anausoma, na kisiwa kizima kinasikia nani kamsalimu nani. Watu wa kipindi kile hawatumii majina yao. Kila mmoja hujipa lake. Mwanakheri alijiita Mama Bamvua wa Jambiani, kwa sababu siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na kazi ya mwani inapokuwa kubwa, hakuandika kitu. Alikuwa kazini. Maji mafu yakirudi, naye anarudi redioni. Wasikilizaji walishamzoea. Wakimkosa husema, bamvua hiyo, bibi yuko kwenye mwani.

Katika wote, mmoja ndiye aliyekuwa wake hasa, Usinune wa Mkokotoni, muuza samaki. Miaka na miaka walisalimiana. Walipeana pole za homa, hongera za wajukuu, na matusi ya utani. Hawakuwahi kuonana wala kupeana namba za simu. Jambiani na Mkokotoni ni ncha mbili za kisiwa, na mwenye mwani na mwenye samaki wote hawana siku ya kutembea.

Mcha aliliona jambo lile la kitoto. Hakulikataza, ila hakulielewa. "Unamsalimu mtu humjui," alikuwa akisema.

"Namjua."

"Ana sura gani?"

"Sura ya nini? Kwani namuoa?"

Ndipo ilipotangazwa Siku ya Pokea Zako. Wasalimianaji wote wakutane mjini, viwanja vya Maisara, kutwa nzima. Watakuja wa Unguja, wa Pemba, na wa Dar es Salaam watashukia Malindi kwa boti. Mwanakheri alisikiliza tangazo lile ameshika mwiko, chungu kikaungua.

Siku yenyewe iliangukia kwenye bamvua. Mwani wake ulikuwa umekomaa, na mwani uliokomaa usipovunwa hukatika ukaenda na maji. Hilo lilikuwa moja. La pili, alikuwa na presha, na daktari alikwisha kumwambia apunguze jua. Shemsa, binti yao aliyeolewa mjini, alipiga simu kumwambia mama yake asithubutu. "Mama, watu elfu na elfu! Utakanyagwa na watu usiowajua."

Mwanakheri alimwendea mumewe uani, akakaa kwenye gogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake wakati wa kazi.

"Baba Shemsa, nataka ruhusa."

"Na mwani?"

"Uende."

Mcha alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa ameshaingia baharini na homa, na mimba, na siku ya tatu ya matanga ya mamake mwenyewe. Leo anasema uende.

"Basi nenda."

"Twende sote."

"Mimi? Nikafanye nini? Nikaone migongo ya watu?"

Alikwenda na gari ya asubuhi, amevaa kanga mpya yenye kukwaruza, na buibui juu. Alirudi magharibi, miguu imevimba viatu vimemkaa mkononi, na kifuani kabandika beji ya karatasi yenye jina lake la redioni. Mcha alimpa maji. Akamuuliza kama ilifaa. Mwanakheri akamjibu, maneno machache tu, akaivua ile beji akaibandika kwenye nguzo ya kitanda, akalala.

Jibu lile Mcha alilichukua akaliweka. Hakujua alifanyie nini.

Kisha ikaja ile asubuhi ya maji mafu.

Alizikwa siku ile ile, baada ya alasiri. Watu walisema ya kusema. Katika wanawake waliokuja kuosha vyombo vya hitima alikuwapo aliyesema kwa sauti ya kusikika kwamba tangu atoke kwenye ule msongamano hakuwa mzima. Shemsa aliliokota neno hilo, akabaki nalo. "Baba, ulimruhusu," alisema. Akalia, akaomba radhi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Tangazo la kifo lilisomwa redioni kama yanavyosomwa ya watu wote. Mwanakheri binti Silima, mke wa Mcha, mama wa Shemsa, wa Jambiani. Waliomjua kwa nasaba walikuja. Mcha alikaa barazani akipokea pole, na kila gari ikisimama alinyanyua kichwa. Alikuwa akiwangoja wale wa redioni. Hakuja hata mmoja. Akasema moyoni, si niliyasema.

Baada ya siku kadhaa akawasha redio. Hakuwa akiitaka, ila nyumba ilikuwa kimya mno. Sauti ya Haroub, mtangazaji wa Pokea Zako, ikajaa chumba.

"Salamu hizi zinatoka kwake Usinune wa Mkokotoni, zimfikie Mama Bamvua wa Jambiani. Ujumbe wake, mama, maji ya bamvua gani haya yasiyokwisha? Au unavuna mpaka wa jirani?"

Haroub akacheka. Mcha akakaa kitandani.

Hapo ndipo alipofahamu. Hawajui. Redio imewatangazia kifo cha Mwanakheri binti Silima, na wao Mwanakheri hawamjui. Aliyewapotea ni Mama Bamvua, na Mama Bamvua akinyamaza, kila mtu anajua yuko baharini.

Salamu zikaendelea. Mara Usinune, mara mwingine wa Pemba, mara kijana wa Malindi anayejiita Kuli Mwema. Wakimtania na kumngojea. Shemsa alipokuja akazisikia, akaizima redio kwa kiganja. Mcha akamwambia waarifiwe. Shemsa akageuza uso, akaanza kukunja nguo za mamake ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Mcha hakurudia.

Kuandika hakujua, na angeweza kumwomba mwingine amwandikie redioni. Lakini kwao habari ya kufiwa haitupwi hewani katikati ya vichekesho. Hutumwa mtu. Anafika, anabisha hodi, anakaa, anaulizwa hali, anasema njema, kisha ndipo anasema. Hivyo ndivyo alivyopelekewa kifo cha babake, na cha nduguye aliyekuwa Tumbatu. Usinune naye alistahili mtu wa kumbishia hodi. Ila mlango wake Mcha hakuujua. Mkokotoni ni mji mzima, na jina la Usinune halikuandikwa kwenye mlango wowote.

Ikarudi Siku ya Pokea Zako.

"Baba, watu wale wale?" Shemsa alimwambia kwenye simu. "Wewe si hata harusini hukai?"

"Nawapelekea habari."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka utakuja kuniokota. Kwako si karibu?"

Shemsa akasema, "Vaa kanzu nyepesi, basi."

Langoni Maisara palikuwa na meza, na wasichana wanaandika beji. Mmoja alimwamkia, "Shikamoo, babu. Jina lako la redioni nani?"

"Marahaba. Sina."

"Basi tukuandikie la nyumbani."

"Ninalo langu."

Akaitoa mfukoni ile ya nguzo ya kitanda. Kusoma hakujua, ila alijua herufi ya kwanza ina vilima viwili, na vilima hukaa juu. Akaibandika kifuani. Msichana akasoma, akamtazama usoni, akasoma tena.

Ndani ilikuwa migongo, kama alivyosema. Migongo ya fulana za kijani, ya mabuibui, ya watu wa Dar na mabegi yao. Taarabu inalia kwenye spika, vumbi, harufu ya mishikaki na marashi. Kila mtu anasoma kifua cha mwenzake. Mtu anasoma, anapiga ukelele, anakumbatia. Mcha alisukumwa huku, akasukumwa kule. Alitafuta kivuli hakukipata. Akafikiri juu ya miguu ya mkewe iliyovimba.

"Jamani!" Kijana mmoja aliikodolea macho beji yake. "Njooni muone! Mama Bamvua kaota ndevu!"

Watu wakageuka. Kicheko kikapokewa na wengine, kikaenda mbali.

"Mama Bamvua, kumbe dume!"

"Ndiyo maana haji redioni, anachana ndevu!"

Mcha alisimama akicheka kwa mdomo, mkono umeifunika beji. "Mimi mumewe," alisema.

"Karibu, mzee! Na bibi yuko wapi? Bado kwenye mwani?"

Watu wanacheka, utawaambiaje? "Namtaka Usinune," alisema. "Wa Mkokotoni. Yeye kwanza."

Kuna kitu katika namna alivyosema kilimfanya yule kijana aache kucheka. Ndiye Kuli Mwema mwenyewe, wa bandarini Malindi. Akamshika mzee mkono, akampasulia njia mpaka kwenye ukuta mfupi, akamkalisha. Kisha akapaza sauti ya watu wa kubeba mizigo: "Usinune! Usinune anatakiwa!" Jina likapita mdomo kwa mdomo, likapotea kwenye taarabu.

Alikuja mwanamke mnene, mtandio umemwangukia mabegani, anapiga kelele tangu mbali. "Yuko wapi mwongo huyo? Mwaka mzima ananinunia, halafu anajifanya—" Akaiona beji. Akamwona aliyeivaa.

"Karibu ukae," Mcha alisema.

Akakaa.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, baba. Shikamoo. Mimi naitwa Muzdalifa. Nyumbani hamjambo?"

"Marahaba. Hatujambo. Mwanakheri hayupo."

"Mwanakheri ndiye nani, baba?"

Mcha alikuwa amelipanga neno lile tangu Jambiani, na sasa halikufaa. Yule mtu aliyekuja kutoa habari zake, kwa mwanamke huyu alikuwa na jina jingine, na jina hilo yeye hakuwahi kumwita mkewe nalo, hata kwa mzaha. Akalitafuta mdomoni.

"Mama Bamvua," alisema. "Katangulia mbele ya haki."

Muzdalifa hakupiga kelele. Alivuta mtandio akajifunika uso wote, mabega yakawa yanatikisika. Kuli Mwema alisimama mbele yao, akawapa mgongo ili watu wasipite. Mcha aliutazama mgongo ule. Baada ya hapo mtu hakumcheka tena, na waliokuwa karibu walikuja mmoja mmoja, wanamshika mkono kwa mikono miwili, wanasema pole, baba, na majina yao ya kuchekesha vifuani.

"Na mimi namtukana hewani," Muzdalifa alisema alipoweza. "Namwambia anavuna mpaka wa jirani."

"Angekujibu."

"Angenijibu, wallahi." Akajifuta pua. Kisha akawa anasokota ncha ya mtandio. "Baba, kuna jambo linanila. Mimi ndiye niliyemwita mwaka jana. Nilimwambia redioni, usipokuja usinisalimu tena. Akaja. Kutwa nzima namtafuta, ananitafuta, watu kama hivi unavyoona. Tumeonana langoni, gari yake imeshawashwa. Hata juisi hatukunywa. Kumshika mikono tu, gari ikaondoka. Nikarudi nasema, nimemtoa bibi wa watu Jambiani juani, kaacha mwani wake, kwa kushikwa mikono. Na sasa unaniambia hayupo." Akamtazama. "Niambie kweli, baba. Alijuta?"

Mcha hakuwa mtu wa maneno. Aliinama, akaibandua beji kifuani taratibu isichanike, akamwekea Muzdalifa kiganjani. Kisha akayatoa maneno ya mkewe kama alivyopewa jioni ile, hakupunguza, hakuongeza:

"Joto, vumbi na migongo ya watu, kama ulivyosema. Lakini mtu mmoja kaniita jina nililojipa mwenyewe, akalia. Mwakani twende sote."