Kabari za Kona ya Tatu

Kuna mji mmoja katika nchi ya Watamil, kusini mwa India, ambao naujua kuliko ninavyoijua Nairobi, na sijawahi kuukanyaga. Najua duka la chai lililo kwenye kona ya tatu. Najua mtaa upi unanukia maua na upi unanuka moshi wa wafua shaba. Kosa si langu, kosa ni la kitanda. Nilipoletwa kwenye nyumba ya wafanyakazi kule Jebel Ali, Uarabuni, nilipewa kitanda cha juu, na kitanda cha chini kilikuwa cha mzaliwa wa mji huo, dereva wa foklifti katika ghala ambalo mimi nililinda lango lake. Mtu wa kitanda cha juu hana pa kukimbilia. Akianza kusimuliwa, atasimuliwa mpaka usingizi umwokoe.

Chumba chetu kilikuwa cha watu wa mpunga. Mimi ni wa Mwea, nimekulia kwenye mifereji nikiwa na matope hadi magotini. Mwenzetu wa tatu, mpakiaji mizigo, alikuwa Mtanzania wa Kyela, na mtu wa Kyela ukimwambia kuna mchele mwingine duniani anakuonea huruma. Kwa hiyo tulibishana juu ya mchele kila jioni, kwa lugha ile ya ghalani, Kiingereza kilichochanganywa na Kihindi na yalla nyingi, huku tukila wali wa mesi, jiko la kampuni, ambao mchele wake ulitoka Pakistani. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, hata kama ngozi yenyewe imebaki nyumbani.

Lakini kwenye mchele mimi na Mkyela tulikuwa na la kusema. Kwenye habari za mji tulinyamaza, maana sisi tulitoka tu mahali, na yeye alitoka katikati ya dunia. Kwa maelezo yake, hekalu liko katikati, na mnara wa lango lake umepita kila kitu kwa urefu, umejaa sanamu za rangi kuanzia chini hadi kileleni, miungu, walinzi, ng'ombe na wacheza ngoma, wamebanana. Kuzunguka hekalu kuna mitaa minne, wa mashariki, wa kusini, wa magharibi na wa kaskazini, na hayo ndiyo majina yake, hakuna aliyejisumbua kutafuta mengine. Baada ya hapo ni mashamba ya mpunga. Nilimuuliza mji unaishia wapi. Akasema unaishia pale ambapo mnara hauonekani tena, na kwamba utotoni hakuwahi kufika huko wala hakuona sababu.

Sehemu kubwa ya mashamba hayo ni mali ya mungu wa hekalu. Mwanzoni nilidhani anasema kwa mafumbo, kumbe ni mambo ya sheria. Wakulima ni wapangaji wa mungu, humpa sehemu ya mavuno, na asiyelipa hushtakiwa. Mungu ana wakili. Mungu ana kesi ambayo imekuwa ikisikilizwa tangu babu yake rafiki yangu akiwa kijana, na bado inaahirishwa. Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa, na kwetu tunaimba kila Jumapili kwamba dunia yote ni ya Mungu, ila hati miliki zote ziko kwa watu. Niliona wenzetu wamekuwa makini zaidi.

Habari ya maji ndiyo iliyonifanya nishuke kitandani nikakae naye. Mto wao uligawanywa mifereji tangu enzi za wafalme, na bwawa la huko juu likifunguliwa, watu hutoka na maua kwenda kuyapokea maji ya kwanza. Miaka mingine hayafiki, kwa kuwa watu wa juu na watu wa chini wanagombania mto. Hapo tulielewana bila mkalimani. Mwea maji ya zamu tunayapokea kwa matusi, na mwenye shamba la mwisho wa mfereji hajui maua ni nini.

Alisimulia pia baraza za nyumba za zamani, zilizojengwa ili mpita njia asiyejulikana aketi. Kahawa inayomiminwa kutoka kikombe cha shaba hadi kibakuli na kurudi, mpaka ifanye povu. Wanawake wanaochora maua ya unga wa mchele mbele ya mlango kila asubuhi, sisimizi wapate kula, kesho wachore tena. Mkyela aliuliza kama unga huo ni wa mchele wenyewe au wa chenga. Swali lile liliharibu jioni.

Siku ya mapumziko tulipanda metro naye hadi upande wa Mankhool, kwa ajili ya majani ya mgomba na maua ya kutundika kwenye picha aliyokuwa nayo ubavuni mwa kitanda. Tulipopita chini ya majengo yale marefu ambayo watu wanalipa nauli ya ndege kuja kuyapiga picha, alitazama juu kwa adabu, kisha akauliza ni mungu gani anakaa humo. Nikamwambia ni ofisi za bima. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa mboga. Ugali wenyewe ulikuwa gari. Mara moja kwa mwaka mungu hutolewa hekaluni, hupandishwa kwenye gari la mbao refu kama ghorofa, lenye magurudumu yanayomzidi mtu kimo, na mji mzima hulivuta kwa kamba kuzunguka mitaa minne. Gari hilo halina usukani wala breki. Kinacholiongoza ni kabari, vipande vya mti mgumu vinavyowekwa mbele ya gurudumu huku linatembea. Ukitaka gari lipinde kulia unalizuia gurudumu la kulia, upande wa pili unaendelea kwenda, gari linageuka. Mwenye kabari hukimbia ameinama, uso karibu na gurudumu, anaweka, anautoa mkono. Akichelewa kuutoa, hana mkono tena. Kazi hiyo ni ya ukoo mmoja. Babu yake aliifanya, baba yake aliifanya, na yeye aliifanya tangu alipopata misuli mpaka alipopata viza.

Mwaka mmoja kabla ya ninayoyasimulia, gari lilikwama kwenye kona ya tatu. Baba yake macho yalikuwa yameanza kufifia, akaweka kabari mahali ambapo gurudumu halikuwepo, na gari likalala mbele ya duka la chai hadi kesho yake, mungu akiwa juu kama abiria wa basi lililoharibika. Kamati ya hekalu ikatoa neno lake: familia ijaribu mwaka mmoja zaidi. Likikwama tena, gari litafungwa breki za chuma na kukabidhiwa fundi wa kampuni, na kabari zitawekwa stoo, pamoja na kazi ya ukoo. Aliyebaki nyumbani mwenye macho na miguu alikuwa mdogo wake, muuza simu, kijana ambaye mikono yake haikuwahi kushika kitu kizito kuliko chaja.

Basi rafiki yangu aliomba likizo mapema kabisa. Sir, msimamizi wetu wa ghala, alimjibu inshallah. Nimekaa huku vya kutosha kujua kwamba kuna inshallah ya waja na kuna inshallah ya arbab, bwana mwenye kazi, na hiyo ya pili hutamkwa wakati jibu limeshapatikana. Wiki ya kuondoka ilipokaribia akaambiwa mizigo ni mingi, hakuna anayesafiri, khalas. Alirudi chumbani akalala ameelekea ukuta, akalia. Mimi na Mkyela tulijifanya tunatafuta chaja.

"Ndugu yangu," Mkyela akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "asiyekuwepo na lake halipo."

Rafiki yangu akageuka akauliza mwenzetu amesema nini. Nikamwambia amekuombea baraka. Akashukuru.

Kufikia kesho yake alikuwa na mpango. Angeongoza kabari kwa simu. Mdogo wake angening'iniza simu kifuani kamera ikitazama mbele, aweke visikizi masikioni, naye kaka mtu angetoa amri kutoka Jebel Ali. Mpango huu tuliufanyia mazoezi kwa umakini ambao ghala halikuwahi kuuona kutoka kwetu. Gari lilikuwa sanduku langu la safari, limejaa nguo. Kabari zilikuwa vipande vya sabuni ya mche. Mkyela alivuta kwa kamba ya viatu, mimi niliinama na sabuni, na mwenye ukoo alikaa kitandani akipiga paja: paja la kulia, kabari ya kulia, paja la kushoto, kabari ya kushoto. Nilipondwa vidole mara kadhaa na nguo zangu mwenyewe. Aliniambia nina kipaji, ila sina ukoo.

Asubuhi ya gari tulikuwa zamu ya mchana, na hilo lilikuwa jambo pekee ambalo sir alitusaidia, bila kujua. Tuliegemeza simu kwenye sufuria. Tulitumia ile programu ya simu za video inayoruhusiwa huku, ambayo picha yake huja ikisitasita. Tuliona miguu, miguu mingi isiyo na viatu, halafu gurudumu. Jamani, gurudumu lile lilikuwa kubwa. Nilikuwa nimelisikia mpaka nikachoka, na nilipoliona likitembea kuelekea kwenye kamera, yaani kwenye kifua cha kijana mwembamba mwenye kipande cha mti mkononi, nilivirudisha vidole vyangu nyuma.

Kona ya kwanza ilipita vizuri. Rafiki yangu alipiga paja, akapaza sauti, gari likapinda, akatutazama kama mtu aliyelipinda mwenyewe. Kona ya pili pia. Ila hapo niliona kitu: kabari iliwekwa kabla kaka hajapiga paja. Kijana alikuwa akitumia macho yake, na amri ya kaka ilikuwa ikifika kama polisi wa kwetu, mambo yakiwa yameisha.

Kwenye kona ya tatu kijana aliogopa. Ndipo pale walipoaibika mwaka uliopita, na baba alikuwa ameketishwa kwenye kiti barazani, anatazama kwa macho yake yale. Kwa hiyo safari hii kijana alifanya kama alivyoagizwa, akangoja neno la kaka. Neno lilitoka Jebel Ali kwa wakati wake, likapita huko linakopita, likafika limechelewa. Kabari ikawekwa gari likiwa limepita mahali pake, na gari likasimama limeelekeza pua kwenye duka la chai. Watu wakaanza kupiga kelele.

Rafiki yangu alipiga paja la kulia. Akalipiga tena, akisema neno lake la kulia, ambalo kufikia siku ile tulilijua kama jina. Kulia, kulia, kulia. Uso wa mdogo wake ukaja kwenye simu, unatiririka jasho. Alisema neno fupi, akachomoa waya wa visikizi, kisha tukaona kitambaa cha shati, kisha giza. Alikuwa ameitia simu mfukoni.

Kaka mtu hakuacha. Alizungumza na mfuko ule, akilipiga paja la kulia, na sisi hatukuwa na moyo wa kumwambia. Tulisikia pumzi ya mtu anayekimbia, gogo kugonga gogo, ngoma, halafu umati mzima kupaza sauti kwa pamoja. Haikujulikana kama ni msiba au ni furaha. Alinishika kiwiko akaminya mpaka nikauma meno. Sauti ile iliendelea muda mrefu.

Tulipouona tena uso wa kijana, gari lilikuwa limeshafika lilipotoka. Alikuwa amefungwa kitambaa kichwani, heshima inayotolewa na hekalu kwa mwenye kabari, na nyuma yake ulionekana mnara, mrefu kweli, sikuwa nimedanganywa. Alizungumza Kiingereza, kwa kuwa alituona sisi pia.

"Kaka, nilikutia mfukoni, sikusikia ulichosema. Nililirudisha kushoto kidogo kwanza, ndipo nikaweka kulia. Nilikosea?"

Aliuliza kwa hofu. Kitambaa cha hekalu kilikuwa kichwani mwake, na bado aliuliza kwa hofu. Mkono wa rafiki yangu ulikuwa ungali juu ya paja la kulia.

"Hukukosea," alisema. "Kushoto kwanza. Ndicho nilichokuwa nakuambia."

Kijana akatutazama sisi wawili. Mkyela akaapa kwa Mungu. Mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, nikasema ni kweli, tumemsikia sote.

Basi kijana akacheka kwa raha, akasema kamati imekubali, hakuna breki za chuma, kabari zinabaki nyumbani kwao. Baba amelia. Watu wa duka la chai wamegawa chai bure.

"Kwa hiyo mwakani usijisumbue kuomba likizo, kaka," alisema. "Sasa nimejua."

"Vizuri," alisema rafiki yangu. "Vizuri sana."

Nilimhurumia. Alichokililia alikuwa amekipata chote, kazi ya ukoo imebaki kwenye ukoo, na aliyetoka ni yeye. Kijana alikuwa bado anazungumza, anaigeuza simu atuonyeshe mtaa wa mashariki. Nilinyosha mkono nikakata, nikasema mtandao umekatika.

Rafiki yangu aliiondoa simu kwenye sufuria. Akasema ndiyo, mtandao wa kwao ni mbovu. Lilikuwa neno baya la kwanza nililowahi kumsikia akilisema juu ya mji ule.