Usitafute kwa Bunduki

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na sijawahi kumsimulia mtu yeyote. Nakusimulia wewe kwa sababu jana ulipokuja kuniaga ulinionyesha kwenye simu ile stendi mpya ya miguu mitatu mliyopewa kazini. "Baba mdogo," ukaniambia, "hii inabeba darubini na inabeba bunduki. Unabadilisha sekunde mbili tu." Ulifurahi, nami nikafurahi pamoja nawe. Ulipoondoka sikukaa sawa. Mama yako mdogo akaniuliza nina nini, nikamwambia mgongo unauma. Nilimdanganya.

Sisi tulikuwa na stendi ya namna hiyo kabla yenu, msijione. Yetu ilikuwa ya mbao, kuukuu, ya wapima ardhi, na fundi wa kuchomelea pale Songea mjini aliiwekea kichwa cha chuma. Ukitaka kutazama mbali, unafunga darubini. Ukitaka kupiga, unafungua darubini na kuweka bunduki mahali pake. Ile skrubu ilikuwa na kutu, ilitaka subira. Na mimi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, askari wa wanyamapori mwenye sare mpya, subira ningeitoa wapi?

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Komba, mtu mfupi, mpole, anayetembea porini kama anakwenda kanisani. Sheria yake ilikuwa moja tu. Darubini ikiwa juu ya stendi, bunduki iko begani na haina risasi chemba, pale nyuma ya mtutu. Ukishamjua mnyama, kichwa chake na miguu yake, ndipo unabadilisha. Mara ngapi mnyama alituacha tukihangaika na skrubu! Mimi nilinuna hadi jioni, yeye alicheka. "Mwache aende," alikuwa akisema, "na yeye ana kwao."

Mwaka huo, masuku, yale matunda ya porini, yakiwa yameiva, nyati dume mmoja alimvunja mbavu mkulima, na watu wakaacha kwenda mtoni. Tukatumwa kumtafuta. Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa juu ya kilima, chini yetu bonde lenye misuku mingi. Mzee Komba akashuka upande wa pili kukagua nyayo.

"Tazama bondeni," akaniambia. "Ukiona kitu, niite."

Nilitazama kwa darubini mpaka macho yakaniuma. Kisha nikajifanya mwerevu. Bunduki nayo ina darubini yake ndogo juu, nikajiambia, kwa nini nihangaike mara mbili? Nikafungua darubini, nikaitia kwenye begi, nikaweka bunduki juu ya stendi na risasi chemba. Nikaendelea kutazama bonde kwa bunduki. Niliona nimegundua jambo ambalo wazee wote walikuwa hawajalifikiria.

Haikuchukua muda nikaona mgongo. Mweusi, umeinama kwenye majani marefu, unasogea polepole. Ukimtafuta nyati siku tatu, kila cheusi ni nyati. Sikumwita Mzee. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, anisifu. Nikafungua kufuli ya usalama ya bunduki.

Ule mgongo ukanyooka. Alikuwa mwanamke, ameshika kiuno kama mtu aliyeinama muda mrefu. Amejifunga kitenge cheusi, na ndani ya kitenge, mgongoni, kulikuwa na mtoto. Alikuwa anaokota masuku.

Mzee Komba aliporudi alinikuta nimekaa chini, na bunduki bado inaelekea bondeni. Akaitazama stendi, akalitazama begi, akamwona yule mama. Alitoa risasi moja moja, kisha akakaa karibu nami.

"Umemtazama yule mama kwa bunduki," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Basi ulishamwelekezea mtutu kabla hujamjua. Darubini ikikosea, unatazama tena. Hii ikikosea, tunakwenda kuzika."

Alisema taratibu, bila kelele. Heri angenichapa, mwanangu, ningelala vizuri zaidi. Tukashuka kumwonya yule mama kwamba kuna nyati. "Shikamooni, baba zangu," akasema, na kabla hatujamaliza kueleza alishanijazia kofia masuku. "Kuleni, mmetembea sana." Mtoto akachungulia begani kwake, akanicheka, hana jino hata moja. Mzee Komba alikula, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Mimi sikula hata moja.

Sasa kuna jambo ambalo Mzee Komba alikufa bila kulijua. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuvuta kifyatulio. Miaka yote kazini walinisifu kwamba nina macho makali na utulivu, nami nikinyamaza, nikiona aibu. Siku ile sikuwa na macho wala utulivu. Yule mama alichoka mgongo akajinyoosha, basi. Angevumilia kidogo tu, aokote masuku mawili zaidi, leo nisingekuwa na uso wa kukuita mwanangu.

Kwa hiyo nisikilize. Stendi yenu ni nzuri, sikatai, na mikono yangu ingeipenda zamani zile. Lakini wepesi wake usikuharakishe. Darubini ikae juu kwanza, kila mara, hata mkubwa wako akifoka, hata wenzako wakikuita mwoga. Risasi isiingie chemba mpaka umemwona mnyama mzima, na nyuma yake umepaona. Akiondoka wakati unabadilisha, ameondoka. Rudi nyumbani mikono mitupu, ugali utaukuta. Bunduki usiitumie kutafutia, hata ukiwa na uhakika kwamba hakuna mtu. Mimi nilikuwa na uhakika.

Nakupenda, ndiyo maana nimejivua nguo mbele yako leo. Mungu akutangulie porini, mwanangu, akushike mkono unapokuwa na haraka. Na wale walioinama kwenye majani, wasiojua kwamba unawatazama, awajalie wanyooke salama na kurudi kwao na watoto wao mgongoni.