Siku Nilipomwita Athmani Mwizi wa Breki

Kisa hiki sijapata kukisimulia mbele ya watu, na hata leo nikipita Mambrui natazama chini, maana wako waliokuwapo siku ile na bado wazima, na watu wa Mambrui mnawajua, wema wako watausahau ila aibu yako watakutunzia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, naishi mtaa wa Barani hapa Malindi, mwaka wa pili tangu mke wangu Zuhura afariki, na binti yangu wa pekee ameolewa Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kusimamia minazi ya watu wanaokaa mbali, basi nikajichangachanga nikanunua pikipiki ya Kijapani, mpya kabisa, kiti kingali na nailoni yake, nami nikakataa kuitoa ile nailoni ingawa jua likiwaka ilinichoma mapaja. Watu wakasema ni majivuno. Yalikuwepo, sikatai, lakini pia ni hivi: nilikuwa nikirudi nyumbani navua viatu, nakaa, na hakuna wa kuniuliza nimetoka wapi. Siku nyingine nilikuwa nikilala sijasema neno tangu magharibi. Pikipiki ilinipa sababu ya kutoka.

Rafiki niliyebaki naye ni mmoja, Athmani, fundi wa baiskeli na pikipiki pale Mambrui, tuliyesoma naye chuoni tukiwa wadogo (chuo cha Kurani, msije mkadhani nina elimu). Wengine walikuja matangani siku tatu, wakala wali, wakaniambia nijipe moyo, wakaenda zao. Athmani kila Jumatano akija Malindi kununua vipuri alipitia kwangu, tukapika samaki wetu na sima, tukala, akaosha sahani yake mwenyewe, na nyumba ikawa na sauti ya watu mpaka alasiri.

Pikipiki ilipofika miezi mitatu ikaanza kulia mbele kila nikishika breki ya mkono. Nilikuwa nimempelekea Athmani akaze mnyororo na kubadilisha oili, ikalala kwake siku moja, na aliponirudishia aliniuliza kama aifungue ile breki aitazame, maana kilio chake hakikumpendeza. Nikamwambia asiiguse kabisa, chombo cha miezi mitatu kina ugonjwa gani, huo ni upya tu, hata viatu vipya hulia. Akacheka, akaniachia. Lau ningemwachia afungue, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Wiki iliyofuata, siku ya Ijumaa, nikavaa kanzu nyeupe na kofia yangu nzuri, nikatoka Malindi saa tano niende nikaswali Mambrui. Njia yenyewe haifiki hata nusu saa kwa pikipiki, lakini (msiniulize kwa nini, mtajua) nilipofika watu wameshamaliza na wanamiminika nje. Nikaona aibu kukosa Ijumaa na kanzu yote ile, nikasema hebu niongeze mwendo nifike upesi nijichanganye nao kama aliyekuwa ndani. Mtu mzima mimi, nataka kumdanganya nani? Nikaongeza, na nilipokaribia mlango wa msikiti nikashika breki, chuma kikasaga chuma, na pikipiki haina habari. Nikatafuta breki ya mguu, kanzu ikanasa, nikapita katikati ya viatu vya watu nikavizoa vyote, nikaivaa meza ya muuza kahawa, birika likaruka, na mimi nikalala chali kwenye matope ya kahawa, kanzu imepanda mpaka kiunoni (namshukuru Mungu nilivaa saruni ndani). Hakuumia mtu.

Wakaja kuniinua, na wote walikuwa wakibana kicheko, watu wanaonijua tangu nikichezea vifuu. Mmoja wao, dereva wa lori, akainama kuchungulia gurudumu la mbele, akasema pedi za breki zimekwisha, kimebaki chuma kitupu. Imamu akauliza kwa upole, pikipiki ya miezi mitatu inaishaje breki? Hapo ningesema sijui, mambo yakaisha. Lakini kahawa ilikuwa ikinichuruzika masikioni na kila jicho lilikuwa juu yangu, nikataka kicheko kile kihamie kwa mtu mwingine.

"Athmani amenibadilishia," nikasema. "Zangu mpya amezitoa, akanitilia kuukuu."

Athmani alikuwa palepale, ameshika kiatu kimoja mkononi akitafuta cha pili. Akauliza tu, "Mimi?"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa vyote. Badala ya kunyamaza nikaendelea, kwamba pikipiki ililala kwake, kwamba hakuna mwingine aliyeigusa, na kama hakuchukua basi aape, tena aape kwa msahafu. Mnajua uzito wa neno hilo kwetu. Rafiki humwapishi, unamwapisha mtu ambaye humtaki tena. Imamu alijaribu kunizuia, Athmani akamwambia asimtetee. Udhu alikuwa nao, lakini alikwenda akatawadha upya, akaingia ndani mbele ya watu wote, akaapa. Alipotoka akainama kuvaa viatu vyake, na wakati ule ule nikajua kwamba hakuchukua kitu. Nikajua, na nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote.

Pikipiki ikapandishwa lori mpaka Malindi. Jumatatu nikaipeleka kwa fundi Kazungu, mtu wa Vitengeni, na wazee wawili wa Mambrui wakaja kushuhudia, maana jambo la kiapo haliachwi hivihivi. Kazungu akachuchumaa, akafuta vumbi, akatuita tuone. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imeziba vichwa vya bolti, haijachubuka hata chembe. "Hapa hapajaingia spana," akasema. "Pedi ni zile zile ilizokuja nazo." Wazee wakatazamana. Kazungu akaniuliza kama nabeba mizigo mizito, kama napanda vilima, nikasema hapana, akatia pedi mpya, akapanda nyuma yangu, akaniambia niendeshe mpaka daraja la Sabaki na kurudi kama ninavyoendesha siku zote.

Tuliporudi hakucheka. Aliwaambia wale wazee kwamba nimesimama mara ishirini na tatu. Nilimsimamia muuza madafu nikamuuliza hali, nikawasimamia kina mama wenye kuni, nikamsimamia mtu anayechunga mbuzi, nikamwamkia bwana aliyekuwa amenipa kisogo mpaka akageuka.

"Mzee wangu, hakuna aliyekuibia," akasema. "Humpiti mtu bila kushika breki, basi pedi zitakaaje?"

Nikasimama pale na funguo mkononi. Kweli salamu ni sunna, lakini mimi sikuwa nikitafuta thawabu, nilikuwa nikimtafuta mtu wa kuniuliza naenda wapi, na sikuwa nikienda popote. Nilikuwa mpweke, jamani, na kabla ya adhuhuri Mambrui nzima ilikuwa imejua.

Ijumaa iliyofuata nilifuatana na imamu mpaka mlangoni pale pale, watu wakitoka, nikasema kwa sauti kwamba nimemsingizia Athmani na naomba radhi. Athmani akanipa mkono, akasema amenisamehe, Mungu shahidi. Ikasomwa Fatiha, watu wakafurahi. Nikamfuata hatua chache nikiisukuma ile pikipiki, nikamwambia Jumatano nitapata samaki changu mzuri sokoni.

Akaitazama breki ya mbele muda mrefu, kama fundi.

"Hizo zitakaa," akasema. "Umejipunguzia mlango mmoja wa kusimama."

Hakusema kwa hasira, nami ningefurahi kama angekasirika. Jumatano hakupitia kwangu, nikala samaki peke yangu. Tangu siku hiyo nimeapa, kitu changu kikipotea sitataja jina la mtu, nitasema nimekipoteza mimi, hata mwizi akiwa amesimama mbele yangu amekishika.