Foleni ya Fatumo

Ukitaka kumjua Fatumo Ogle, uliza sokoni Iftin, mjini Garissa, ni nani anayeuza nyirinyiri isiyoharibika. Nyama huikata vipande vidogo, akaikaanga hadi ikauke, akaizamisha ndani ya samli. Msafiri wa Elwak huibeba mkebeni na kuila siku nyingi baadaye ingali tamu. Ulimi wake, lakini, hauna samli hata tone.

Rafiki yake ni Mueni, Mkamba muuza maharagwe, aliyezaliwa Garissa hiihii na ambaye mpaka leo huulizwa atarudi kwao lini. Wawili hao walizoea kwenda Nairobi pamoja kununua mikebe na magunia. Njiani palikuwa na kizuizi. Askari aliingia ndani ya basi, akamtazama Mueni, akampita. Akamtazama Fatumo, akasema, "Wewe, shuka na kitambulisho." Fatumo alisimama juani na Wasomali wenzake huku Mueni akimenya ndizi dirishani. Hakuwa na ubaya, maskini. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Siku moja Fatumo alirudi kitini akitiririka jasho, akamuuliza, "Walaal, ndugu yangu, hiyo ndizi ilikuwa tamu?"

Mueni aliona haya mpaka akakosa pa kuweka maganda. Safari iliyofuata alishuka naye bila kuitwa. Askari alipomwambia arudi akae, alikataa katakata. "Huyu akishuka, nami nashuka."

Basi likaja soko jipya, lenye paa la bati na vibanda vya saruji. Wazee wa ukoo mkubwa, ukoo wa Fatumo, wakakaa wakagawa. Fatumo akapewa kibanda cha mlangoni. Mueni, aliyeuza juani miaka yote hiyo, akapewa cha nyuma kabisa, ubavuni mwa choo. Nani atanunua maharagwe hapo? Fatumo, kwa furaha yake, akamletea tende washerehekee.

Mueni hakuzigusa. "Mama Salah," akasema taratibu, akimwita kwa jina la mwanawe, "kule barabarani mimi ndiye niliyekuwa sioni. Huku huoni wewe."

Fatumo aliondoka na tende zake, amefura. Yeye, mbaguzi? Yeye anayeteremshwa basini mbele za watu? Lakini usingizi uligoma. Alijiuliza alimwomba nani kile kibanda cha mlangoni, akakumbuka kwamba hakumwomba mtu. Alizaliwa tu. Iliuma, na asubuhi akaenda kwa mzee Warfa, ndugu wa marehemu baba yake.

"Adeer, kile choo kihamishwe."

"Choo hakihami," mzee akajibu. "Na huyo Mkamba ana kwao."

Uchaguzi wa mwenyekiti wa soko ulipotangazwa, Mueni akajitokeza, akaahidi kwamba vibanda vyote vitapigiwa kura upya, kila mtu achukue bahati yake. Wazee walicheka. Wakamsimamisha Fatumo, bila hata kumuuliza. Akanyamaza, na hilo peke yake lingetosha kumtisha mtu mwenye akili.

Siku ikafika. Wagombea wakasimama mbele, wafuasi wakapanga foleni nyuma ya wamtakaye. Nyuma ya Mueni walikuwa wachache, wauza mboga wa mtoni na fundi viatu mmoja. Foleni ya Fatumo ilipinda ikatoka nje ya lango. Msimamizi Abdiqani akainua mkono aanze kuhesabu.

Fatumo akatoka. Akavuka uwanja, akaenda kusimama mwisho kabisa wa foleni ya Mueni.

 Kisha Kinsi, muuza chai, aliyekuwa wa kwanza nyuma yake kwenye ile foleni ndefu, akamfuata. "Wee Kinsi, rudi!" mzee Warfa akafoka.

"Adeer, mimi iko nyuma ya Fatumo," Kinsi akajibu. "Na Fatumo iko nyuma ya Mueni. Sasa iende wapi?"

Vicheko vikalipuka, na wanawake wakaanza kutembea, mmoja baada ya mwingine, kama ngamia wanaomfuata kiongozi wao kisimani. Walijua vizuri walichokuwa wakifanya. Wengi wao walikuwa wamegawiwa vibanda vya kona, wasikopita wanunuzi. Waliobaki walikuwa wachache. Mueni alishinda, akalia machozi mbele ya watu wote, na vigelegele vikasikika mpaka barabarani.

Kura za vibanda zikapigwa. Mueni akapata cha katikati. Fatumo akatia mkono ndani ya kopo, akatoa kile cha chooni. Akaangua kicheko, akahamishia mikebe yake huko siku hiyohiyo.

Wiki haikuisha. Wazee walichangishana, wakachimba choo kingine mbali, wakafukia cha zamani. Mzee Warfa mwenyewe akaja kibandani, kifua mbele.

"Umeona, binti wa Ogle? Watu wako hawawezi kukuacha kwenye uvundo."

"Nimeona, adeer," Fatumo akasema, akimpimia nyirinyiri. "Kwa Mkamba choo hakikuhama. Ndiyo maana nilihama foleni."